Ufuta na umetaboli wa estrojeni

Umetaboli wa estrojeni ni jinsi mwili unavyoibadilisha homoni hiyo na kuitoa nje. Kazi kubwa hufanyika katika ini, ambamo vimeng'enya huigeuza kuwa kemikali nyingine, kama vile 2-hidroksiestroni, zinazotoka kwa mkojo na kinyesi. Virutubisho vya nyongeza vya aina nyingi huuzwa kwa madai kwamba vinasaidia kazi hiyo. Kati ya vyakula vilivyochunguzwa kuna ufuta, zao la biashara linalolimwa pia katika nyanda kavu za Dodoma na Singida, nchini Tanzania.

Mbegu za ufuta zina lignani. Bakteria wa utumbo huzigeuza kuwa enterolaktoni na enterodioli, zinazofanana na estrojeni kwa umbo lakini zina nguvu ndogo sana.

Katika utafiti wa Taiwan uliochapishwa mwaka 2006, wanawake 24 waliokoma hedhi walikula gramu 50 za unga wa ufuta kila siku kwa wiki 5, na kwa muda mwingine kama huo walikula unga wa mchele ili kulinganisha. Kwa ufuta, 2-hidroksiestroni katika mkojo iliongezeka na kolesteroli ya damu ikapungua. Hata hivyo gramu 50 ni kama vijiko vitano au sita vya chakula kila siku, zaidi ya kipande kimoja cha kashata. Tena kipimo cha mkojo kubadilika si sawa na kukingwa na saratani ya matiti. Wanawake 24 na wiki 5 havitoshi kuonyesha hilo.

Kuhusu vidonge, kinachojulikana zaidi ni DIM, kemikali itokanayo na mboga za jamii ya kabichi. Mwaka 2017 huko Marekani kulichapishwa jaribio la mwaka mzima kwa wanawake waliokuwa wakitumia tamoksifeni, dawa ya saratani ya matiti. DIM ilibadilisha kemikali za estrojeni katika mkojo, lakini haikupunguza msongamano wa tishu za matiti, ambao ni kiashiria cha hatari. Zaidi ya hayo, ilishusha endoksifeni, ambayo ndiyo hufanya sehemu kubwa ya kazi ya tamoksifeni. Jaribio halikuthibitisha kwamba tiba ilidhoofika, ila mgonjwa anayetumia dawa hiyo anapaswa kumweleza daktari kabla ya kumeza vidonge vya namna hiyo.

Nchini Tanzania, tangu mwaka 2019 usalama wa vyakula husimamiwa na Shirika la Viwango (TBS), na dawa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), yenye makao makuu Dodoma. Bidhaa kuruhusiwa kuuzwa kama chakula si uthibitisho kwamba inatibu.