Majina ya Ukingoni: Wachoraji wa Mabaraza ya Hindi

Mtu atazamapo taswira za wafalme wa Kimoghuli wa Bara Hindi, ambazo nyingi ni ndogo kiasi cha kushikika mkononi mfano wa kitabu, jicho lake humwendea kwanza mfalme aliyeketi juu ya kiti cha enzi, kisha huteremka kwa mawaziri na tembo na maua ya pambizo. Na ni wachache wafikao hata ukingo wa chini wa karatasi, ambako mara nyingi pana maneno mawili matatu ya Kiajemi, yaliyoandikwa kwa wino mwekundu na karani ambaye yeye mwenyewe hakulitaja jina lake. Lau si maneno hayo, ustadi wote ule ungalihesabiwa leo kuwa mali ya wafalme peke yao, nasi tusingalijua kwamba aliishi mtu aliyeitwa Basawan, wala Daswanth.

Hindi ilikuwa na wachoraji wake tangu kale, lakini chuo cha Wamoghuli kilizaliwa katika ukimbizi. Humayun, mwana wa Babur, alipopokonywa ufalme na kukimbilia Uajemi, alipokewa mwaka 1544 na Shah Tahmasp, ambaye ujanani aliipenda mno sanaa ya picha na ambaye sasa, kwa kuzidi uchaji, alikuwa ameanza kuipa kisogo. Mafundi wawili wa baraza lile, Mir Sayyid Ali na Abdus Samad, walimfuata Humayun hata Kabul mnamo mwaka 1549, wakamfundisha kuchora mwanawe mdogo, Akbar. Humayun aliirudia Delhi mwaka 1555, lakini hakuikaa sana: Januari ya mwaka uliofuata alianguka katika ngazi ya maktaba yake, akafa, na Akbar, kijana wa miaka kumi na mitatu, akarithi dola iliyotikisika pamoja na waalimu wake wa kuchora.

Akbar alikuwa mtu wa kusomewa kuliko kusoma, na hekaya aliyoipenda kupita zote ilikuwa ile ya Amir Hamza, ami yake Mtume, ambayo kwa ajili yake aliamuru, mnamo mwaka 1562, zichorwe taswira 1,400 juu ya kitambaa, kubwa kupita desturi ya vitabu, na maneno ya kisa yaandikwe nyuma yake. Kazi hiyo iliyochukua takriban miaka kumi na mitano iliwatia chini ya uongozi wa Waajemi wale wawili, mmoja baada ya mwingine, Wahindi wengi waliotoka katika vyuo vyao vya asili, na kwa maoni yangu ndipo Uhindi ulipoushinda Uajemi kimyakimya, kwa kuwa mti ukapata gome na tembo akapata uzito. Zilizosalia hazifiki mia mbili; baadhi zilikutwa Srinagar, Kashmir, mwaka 1881, zimezibia madirisha. Ama wale waliosema kwamba kuchora viumbe ni haramu, Abul Fazl, mwandishi wa Akbar, amemnukuu bwana wake akiwajibu kwamba mchoraji ndiye amjuaye Mola zaidi, kwa maana kila akichora kiungo huona kwamba hawezi kukitia roho.

Abul Fazl huyo ametueleza jinsi karakhana, yaani nyumba ya kazi ya wachoraji wa mfalme, ilivyoendeshwa. Kila juma wasimamizi na makarani waliziweka kazi mbele ya mfalme, naye akatoa bakhshishi au akaongeza mshahara wa mwezi kwa kadiri ya ubora aliouona. Taswira moja ilipita aghalabu katika mikono miwili au mitatu: fundi mkubwa aliipanga na kuichora kwa mistari, mwingine akaitia rangi, na pengine wa tatu, aliyesifika kwa sura za watu, akaitwa kwa ajili ya nyuso tu. Mafundi hao waliketi sakafuni, ubao umeegemezwa gotini, wakichora kwa burashi ya manyoya ya mkia wa kindi juu ya karatasi iliyogandishwa tabaka juu ya tabaka na kusuguliwa kwa jiwe la akiki hata ikang'aa. Buluu yao ilisagwa kutokana na mawe ya Badakhshan, na dhahabu yao ilikuwa dhahabu ya kweli. Karani alipoandika ukingoni kwamba mistari ni ya fulani na rangi ni za fulani, alikuwa akiwagawia watu haki ya kazi yao, hakujua kwamba anaandika tarikhi.

Katika majina hayo hakuna linalosikitisha kama la Daswanth. Baba yake alikuwa mchukuzi wa machela, na mtoto alikuwa akichora kutani hata jicho la Akbar likamwona, akakabidhiwa kwa Abdus Samad, na haukupita muda mrefu akahesabiwa kuwa wa kwanza wa zama zake. Lakini akili yake iliingiwa na giza, na mwaka 1584 alijichoma jambia akafa. Wakati huo karakhana ilikuwa ikitia taswira katika tafsiri ya Kiajemi ya Mahabharata, na kiasi cha thelathini za kitabu hicho zina jina lake kama mpangaji, rangi zikiwa za wengine. Atazamaye humo huona mashetani na miungu ambao hawana upole wa mkono uliotia rangi, na mtu hawezi kujizuia kufikiri ni mangapi yaliyopotea baina ya mistari yake na burashi ya mwenziwe.

Jahangir, aliyetawala tangu 1605 hata 1627, aliipunguza karakhana na kuwapa wachache heshima kubwa. Alijisifu katika kitabu cha maisha yake kwamba akionyeshwa taswira humtambua aliyeichora pasipo kuambiwa, na kwamba hata kama uso ni wa mmoja na jicho na nyusi ni za mwingine angejua nani kafanya lipi. Ni majivuno ya mfalme, lakini si majivuno matupu, kwani mtu hawezi kuyasema hayo pasipo kukaa na wachoraji siku nyingi. Alimpa mchoraji Abul Hasan lakabu ya ajabu ya zamani, na Mansur, mchoraji wa wanyama na ndege na maua, akamwita ajabu ya zama. Mwaka 1621 aliletewa punda milia kutoka Uhabeshi, kwa mkono wa Waturuki, na watu wa baraza wakadhani kwamba milia yake imepakwa rangi. Alichunguzwa mpaka ikathibiti kwamba ni kazi ya Muumba, kisha Mansur akaamriwa amchore. Mnyama yule amesimama peke yake, lijamu kichwani, milia imefuatwa mmoja mmoja hata masikioni, na mfalme ameandika kwa mkono wake mwenyewe mnyama ametoka wapi na nani aliyemchora. Taswira hiyo sasa imo London, nami naiweka juu ya zote za zama zile.

Uhabeshi umo pia katika taswira nyingine ya Jahangir, isiyo na ukweli hata kidogo. Malik Ambar, Mhabeshi aliyeuzwa utumwani na kufika Dekani, kusini mwa Bara Hindi, alipanda mpaka akawa ndiye mwendesha dola ya Ahmadnagar, na majeshi ya Moghul hayakuweza kumshinda kabisa. Abul Hasan aliamriwa kumchora Jahangir akilitupia mshale kichwa cha Malik Ambar kilichokatwa na kutundikwa juu ya mkuki, naye mfalme amesimama juu ya tufe la dunia lililobebwa na ng'ombe aliye juu ya samaki, kama zisimuliavyo hekaya ambazo pwani yetu nayo imezisikia. Kichwa kile hakikukatwa kamwe: Malik Ambar alikufa mwaka 1626 akiwa mzee, mwaka mmoja kabla ya Jahangir mwenyewe. Uso wake ulivyochorwa kwa uangalifu, hata katika uongo kama huo, ni jambo la kumhesabia Abul Hasan.

Chini ya Shah Jahan, mrithi wa Jahangir, taswira zilizidi adhama na kupungua uhai, na Aurangzeb, aliyetawala hata 1707, aliishughulikia vita ya Dekani kuliko karakhana, hata wachoraji wengi wakatafuta mabwana wengine, na mtindo wa Delhi ukapanda mpaka vilima vya Himalaya. Huko Guler, katika nyumba ya mchoraji Pandit Seu, walizaliwa Manaku na mdogo wake Nainsukh. Na Nainsukh alimtumikia mtawala mdogo wa Jasrota, Balwant Singh, akamchora kama hakuna mfalme wa Delhi aliyekubali kuchorwa: akinyolewa ndevu, akiandika barua ndani ya hema, akiota moto huku amejifunika blanketi.

Ukoo huo tunaujua kwa kalamu za makarani wa namna nyingine. Mahujaji wa Kihindu waendao Haridwar, penye mto Ganges, huandikishwa na makuhani walio na madaftari ya kurithiwa, kila ukoo na kuhani wake, jina la mtu na la baba na la babu na la kijiji alikotoka. Na mwanachuoni B. N. Goswamy alizifuatilia kurasa zile katika miaka ya 1960, akawakuta wachoraji wa vilimani kizazi baada ya kizazi. Miongoni mwao alikuwamo Nainsukh, aliyefika mwaka 1763 pamoja na majivu ya bwana wake Balwant Singh, na ambaye hakumwachia kuhani kazi yote, bali aliandika kwa mkono wake, akachora na kijitaswira ukurasani. Goswamy alipoyachapisha hayo mwaka 1968, ilibidi elimu ya taswira za vilimani ipangwe upya, kwani hapo kabla zilikuwa zikigawanywa kwa majina ya falme, Guler na Basohli na Kangra, na sasa wachunguzi walianza kuuliza kila moja imetoka katika nyumba ya nani.