Bodi la Lori Kuukuu

Historia haikai katika vitabu na majumba ya makumbusho peke yake. Hukaa pia katika vyombo vya kazi, kama jembe, jahazi na gari la mizigo. Katika lori, sehemu inayodharauliwa kuliko zote ni bodi, yaani lile sanduku la mbao au la chuma lililo nyuma ya dereva, ambamo mizigo hupakiwa. Nia ya insha hii ni kuonyesha kwamba bodi hilo ni hati ya historia, na kwamba mtu alitengenezaye upya bila ya kulisoma kwanza huifuta hati hiyo kwa mkono wake mwenyewe.

Tuanze na asili yake. Malori mengi ya zamani hayakutoka kiwandani yakiwa kamili. Mwaka 1917 kampuni ya Ford ya Marekani ilitangaza lori lake la aina ya TT kwa bei ya dola 600. Kwa fedha hizo mnunuzi alipata fremu, injini na magurudumu. Bodi alijitafutia mwenyewe kwa seremala. Ilikuwa mwaka 1925 kampuni hiyo ilipouza gari dogo la Model T lenye bodi la mizigo lililoundwa kiwandani. Malori ya Bedford, yaliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1931, nayo aghalabu yalinunuliwa yakiwa fremu na kebini tu, mabodi yakaundwa na mafundi wengine.

Desturi hiyo ilifika Kenya. Injini ilivuka bahari, bali bodi lilizaliwa hapa. Miongoni mwa Wahindi waliokuja wakati wa kujengwa reli ya Uganda, kati ya 1896 na 1901, na wale waliowafuata, walikuwamo Masingasinga wengi waliokuwa waseremala na wahunzi. Karakana zao ziliunda mabodi ya malori, na Waafrika walifanya kazi humo, wakaupata ujuzi, kisha wakafungua karakana zao wenyewe. Leo kazi hiyo imo pia mikononi mwa mafundi wa jua kali. Jina la Ford au Bedford limepigwa chapa mbele ya lori; jina la fundi wa bodi mara nyingi halikuandikwa popote. Kazi ya mkono wake ndiyo sahihi yake.

Tutazame mfano wa Kahawa Wendani, karibu na Ruiru, kando ya barabara iendayo Thika. Jina la Kahawa lakumbusha mashamba ya mibuni yaliyoienea nchi ile kabla ya majumba ya leo, na wendani ni neno la Kikuyu lenye maana ya upendo. Reli ilifika Thika mwaka 1913, na mazao ya mashamba yalipelekwa stesheni kwa mikokoteni ya maksai, baadaye kwa malori. Ng'ambo ya barabara palikuwa na kambi ya jeshi la Waingereza iliyoitwa Templer. Mwaka 1965 ilikabidhiwa serikali ya Kenya ikawa Chuo cha Kenyatta, ambacho leo ni chuo kikuu. Na tangu miaka ya 1970, malori yameunganishwa Thika kwenyewe kwa vipande vilivyotoka ng'ambo. Kwa hiyo barabara moja ilipitiwa na mabodi ya namna nyingi: ya magunia ya kahawa, ya katani, ya mawe ya kujengea, na ya kijeshi yenye turubai.

Basi mtu akikuta lori kuukuu katika nchi kama hiyo, atajuaje kama bodi lake ni la asili au lilibandikwa baadaye? Sharti aanze chini, kwenye fremu. Akiona matundu ya boliti yasiyolingana na mihimili ya bodi, yamkini bodi jingine lilitangulia. Kisha atazame mbao. Msumeno unaovutwa na watu wawili huacha mistari iliyonyooka isiyolingana. Msumeno wa mviringo wa mashine huacha alama zilizopinda kama upinde. Halafu apime boliti. Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth aliweka kipimo cha mizunguko ya boliti chenye pembe ya digrii 55. Boliti za Kimarekani na za milimita zina digrii 60. Rangi nayo husema: ikikwaruzwa kidogo pembeni, huenda kijani cha jeshi kikatokea chini ya buluu, au uzito ulioandikwa kwa ratili ukatokea chini ya kilo.

Hata uchakavu una maana. Mawe huchubua sakafu, magunia huilainisha. Katika magari madogo, matundu yaliyopangwa sawasawa huenda yalishikilia mabenchi ya abiria, maana mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu zichukue abiria bila ya leseni maalumu. Walakini shahidi mmoja hatoshi. Boliti yaweza kubadilishwa kwa jioni moja. Ushahidi ni alama nyingi zinazokubaliana.

Katika kutengeneza, watu hupotea kwa njia mbili. Wa kwanza hung'oa kila ubao, akauchoma, akaweka chuma kipya chenye kung'aa; gari lapendeza, lakini kazi ya fundi wa kale imekwisha. Wa pili huogopa kugusa chochote, na mchwa na kutu humaliza kazi kwa niaba yake. Njia iliyo bora ni ya katikati. Kwanza bodi lipimwe, lipigwe picha, na kila ubao upewe namba kabla ya kufunguliwa. Ubao mzima urudishwe mahali pake. Uliooza kidogo uungwe. Uliokwisha kabisa ubadilishwe kwa mti wa aina ile ile, kama mvule kwa mvule, wenye unene ule ule. Ubao mpya uandikwe mwaka wake upande wa chini, ili mtu ajaye asidanganyike. Na vipande vilivyotolewa vihifadhiwe, maana ndivyo kielelezo cha vipimo na cha ufundi.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mafundi wengi wa mabodi hawakuwa na daftari. Waliandika kwa randa, nyundo na patasi. Bodi likitupwa, daftari lao hutupwa pamoja nalo, na vizazi vijavyo vitadhani kwamba watu wa nchi hii walinunua malori tu, wala hawakuyaunda. Mwanafunzi mwenye utepe wa kupimia, kalamu na jicho la subira aweza kuuzuia uongo huo.