Mpaka unaokimbia

Wanafizikia huita "ukuta" pale ndani ya sumaku ambapo atomi za upande mmoja zimeelekea huku na za upande wa pili zimeelekea kule. Mimi ningesema mpaka. Ukuta husimama, huu hukimbia. Mwaka 1931 watafiti Sixtus na Tonks, huko Schenectady, Marekani, waliupima mwendo wake katika waya wa nikeli na chuma uliovutwa ukakaza. Siku hizi kuna waya nyembamba kuliko unywele, zilizopoozwa ghafla hata atomi zikakosa nafasi ya kujipanga kuwa fuwele. Bila punje za fuwele za kuukwamisha, mpaka huweza kuzidi kilomita 1 kwa sekunde.

Abiria wa matatu ya Kitale kwenda Bungoma huvuka mpaka wa kaunti baina ya Kiminini na Kamukuywa, na yeye ndiye anayesogea. Ndani ya waya ni kinyume: atomi zimekaa vitini, mpaka ndio unaozipitia, nazo hugeuza uso tu. Hakuna chuma kinachotiririka. Tena neno lenyewe lina safari ndani yake: Kitale mpaka Bungoma. Ukuta hauna hiyo.