Arubaini ya Baridi

Sisi watu wa visiwani baridi yetu ni ya kusemwa tu. Kipupwe kikiingia na kusi likivuma, wazee hujitanda shuka ya pili alfajiri, kahawa ikanyweka zaidi barazani, na mambo yakaishia hapo. Hatukujaaliwa kuijua baridi inayomfunga mtu ndani ya nyumba yake miezi mitatu, inayoyageuza maji ya mtungi kuwa jiwe, na ambayo chakula chake hakina budi kutafutwa nusu mwaka kabla. Kwa hivyo tunapoyasoma mashairi ya Waajemi, ambayo wengi wetu tunayapenda na wachache tumethubutu kuyafasiri, penye baridi tunapita juu juu, kama mpita njia mbele ya nyumba ya asiyemjua. Nia yangu katika kurasa hizi ni kubisha hodi katika nyumba hiyo, usiku ambao wenyewe wanakaribisha wageni.

Usiku huo ni wa kuamkia siku ya kwanza ya mwezi wa Dey, yaani usiku wa tarehe 20 au 21 Desemba, ulio mrefu kuliko wote katika nusu ya kaskazini ya dunia. Waajemi wanauita kwa majina mawili. La kwanza ni Yalda, neno la Kisuryani lenye maana ya kuzaliwa, jamaa wa neno tulilolizoea sisi katika maulidi. La pili ni Shab-e Chelleh, na chelleh limetokana na chehel, arubaini. Usiku huo ndio unaoifungua arubaini kubwa ya baridi, siku 40 hadi tarehe 10 ya mwezi wa Bahman, karibu na mwisho wa Januari. Baada yake huja arubaini ndogo, ambayo kwa jina ni arubaini na kwa hesabu ni siku 20 tu.

Msomaji wa Unguja hapo hahitaji mkalimani. Tunayo arubaini ya mzazi, tunayo arubaini ya maiti. Tunajua kwamba zipo nyakati ambazo mtu huhesabiwa siku, akalindwa, akalishwa chakula maalumu, asiachwe peke yake. Waajemi nao humhesabia mzazi chelleh yake. Wao wamezidi kwa kuuhesabia na mwaka, kana kwamba mwaka umejifungua na ndani ya siku hizo unahitaji joto, supu na watu wa kuuzunguka.

Wako wanaodai kwamba sikukuu hii ina maelfu ya miaka na kwamba asili yake ni kuzaliwa kwa Mithra, mungu wa kale wa Wairani. Madai hayo yameenea sana, ila ushahidi wake ni mwembamba, na mimi siyategemei. Lililo imara zaidi ni alilolirikodi Abu Rayhan al-Biruni katika kitabu chake cha kalenda za mataifa, kilichoandikwa karibu na mwaka 1000. Anaeleza kwamba siku ya kwanza ya Dey mfalme alikuwa akishuka kwenye kiti chake, akavaa nguo nyeupe, akawaondoa mabawabu, akaketi na wakulima, akala na kunywa pamoja nao na kujihesabu mmoja wao. Biruni aliandika karne kadhaa baada ya kuanguka kwa wafalme wenyewe, na pengine habari ilimfikia ikiwa imekwisha kupambwa. Hata hivyo inatueleza walichokitarajia watu kutokana na siku hiyo: mlango usio na bawabu. Anaongeza kwamba wengine waliiita siku ya tisini, kwa kuwa zimebaki siku 90 kufikia Nairuzi.

Nairuzi hiyo ndiyo iliyotufikia sisi. Wao waliirekebisha kalenda yao mwaka 1079, zama za Malik Shah, Omar Khayyam akiwa miongoni mwa wanajimu waliohusika, ili mwaka uanze pale usiku na mchana wa machipuko unapolingana. Ya kwetu iliachwa na siku zake 365 bila ya nyongeza, ikawa inarudi nyuma siku moja kila miaka minne, na sasa Mwaka Kogwa wa Makunduchi unaangukia Julai, katikati ya kipupwe chetu. Sitaki kuyaingia mabishano ya Washirazi. Natosheka kutaja kwamba Makunduchi nako siku hiyo si vyema nyumba ikose mgeni.

Turudi Uajemi. Karamu ya usiku mrefu aghalabu husimuliwa kuanzia kwenye sinia: komamanga zilizopasuliwa, tikitimaji jekundu, jozi, lozi, zabibu kavu, tini, mbegu za maboga zilizokaangwa. Picha ni nzuri. Lakini komamanga huvunwa majira ya vuli na tikitimaji huiva joto likiwa kali, na katika miji kama Hamadan na Tabriz si ajabu baridi ya Januari kushuka nyuzi 10 na zaidi chini ya sifuri. Zamani, kabla ya mabarafu na malori, vitu hivyo vilifika vipi mezani usiku wa Desemba?

Vilifikishwa na wanawake, na kazi yao ilianza jua likiwa la utosi. Tikitimaji za mwisho zilichaguliwa zile zenye ganda gumu, zikalazwa ndani ya majani makavu chumba cha chini. Matikiti ya manjano na vichala vya zabibu vilitundikwa darini. Nanaa na majani mengine ya mchuzi yalianikwa kivulini yasipoteze rangi. Maziwa ya mgando yalichemshwa yakakaushwa yakawa madonge meupe, magumu kama chokaa, yaitwayo kashk. Nyama ya kondoo ilikaangwa katika mafuta ya mkia wake mpaka maji yakaisha, ikatiwa mitungini na mafuta yale yale yakamiminwa juu yake, yakaganda yakawa kifuniko. Mboga na vitunguu saumu vilitiwa siki. Achari, ambayo jina lake tumelipata kwao, kwao ni elimu yenye matawi, na kitunguu saumu cha siki huachwa miaka hata kikawa cheusi. Hata moto ulianikwa juani. Vumbi la makaa halikutupwa: lilichanganywa na maji, likafinyangwa mipira mipira kwa mikono, likakaushwa, likawekwa hadi baridi ije. Mwenye kuiona mikono hiyo kiangazi, imesawijika hadi vifundoni, ndiye anayejua bei ya kikombe cha chai cha mgeni wa Desemba.

Mipira hiyo ilikuwa ni chakula cha korsi. Jina hili ni lile lile la kursi tunalolisoma katika Ayatul Kursi, lakini hapa limeshuka mpaka sakafuni. Korsi ni meza fupi ya mraba. Chini yake hutiwa chetezo kikubwa au seredani, au huchimbwa shimo, makaa yakawekwa na kufunikwa jivu ili yale polepole. Juu ya meza hutandikwa mfarishi mkubwa unaofika chini pande zote. Kandokando huwekwa magodoro na matakia, na watu huketi pande nne, miguu na mapaja ndani ya mfarishi, mgongo kwenye takia. Juu ya meza huwekwa sinia. Chumba chenyewe kinaweza kuwa baridi hata pumzi ikaonekana, na aliyeketi asiijue.

Nyumba nzima ilikuwa na moto mmoja. Hili ndilo jambo la kulizingatia. Hapakuwa na mkubwa aliyejitenga chumbani kwake wala kijana aliyenuna peke yake, kwa kuwa kununa kulitaka makaa ya ziada. Upande ulio mbali na mlango ulikuwa wa bibi au babu, na mgeni akipewa heshima alisogezwa huko. Walio karibu na mlango ndio waliokatwa na upepo kila mtu alipoingia, na aghalabu walikuwa wale wale wanaoinuka kuleta chai. Hapo walikula, wakasimulia hadithi, wakafanya kazi za skuli, wakaugua, wakalala.

Chakula cha moto cha majira hayo kilikuwa kizito na cha sufuria moja. Iko ash, supu nzito ya kunde, dengu, majani na tambi, inayomiminiwa kashk na nanaa iliyokaangwa. Iko halim, ngano na nyama zilizopikwa usiku kucha na kupondwa mpaka zikavutana, ikanyunyizwa mdalasini na sukari. Mla bokoboko wa Unguja akiionja atauliza tu samli iko wapi. Barabarani waliuza shalgham, mizizi ya mviringo iliyo jamaa ya kabichi, imechemshwa inatoa moshi, na mpaka leo mwenye mafua huambiwa aile.

Maana kila chakula kina tabia yake. Elimu hii ya mizaji, ya joto na baridi, umajimaji na ukavu, ilitoka kwa Wayunani, ikapangwa upya na mabingwa wa Kiislamu, mkubwa wao Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037 na kuzikwa huko huko Hamadan kwenye theluji. Jozi, asali, tende, tangawizi na nyama ya kondoo ni vitu vya moto. Samaki, mtindi, tango na komamanga ni vya baridi. Mpishi hodari hapiki kitu kimoja kikatawala. Mchuzi wa fesenjan, fahari ya karamu za baridi, ni jozi zilizosagwa zikapikwa na maji mazito ya komamanga pamoja na bata au kuku: moto na baridi katika chungu kimoja, kila kimoja kinamzuia mwenzake. Sisi ambao mzazi wetu hupewa mchuzi wa pilipili manga tunaifahamu hesabu hiyo, hata kama jina la Ibn Sina hatukulisikia jikoni.

Tabibu wa leo hatazikubali tabia nne, na ana haki. Lakini kula kunde, karanga, matunda makavu na majani miezi ambayo bustani imekufa si upuuzi kwa mizani yoyote. Kilichonifurahisha zaidi ni tikitimaji. Kwa kanuni zao wenyewe ni baridi tupu, kitu cha mwisho anachopaswa kula mtu usiku huo, nao wanalila makusudi, wakisema kwamba atakayelila usiku wa chelleh hataumwa na joto kiangazi. Hapo tabibu ameshindwa na sikukuu.

Baada ya kula hufunguliwa diwani ya Hafiz wa Shiraz, aliyefariki karibu na mwaka 1390. Kila mmoja hunuia jambo moyoni, mkubwa wa nyumba hufungua kitabu popote, na ghazali itakayojitokeza ndiyo jibu lake. Mfasiri hujifunza jambo hapa. Katika ushairi wa Kiajemi usiku wa yalda ni nywele za mpenzi kwa weusi na urefu wake, au ni usiku wa mtu aliyeachwa. Nimepata kujaribu kulifasiri neno hilo kwa “usiku wa manane”, na kwa “usiku usiokucha”. La kwanza ni saa tu; la pili ni huzuni tupu, halina komamanga ndani yake. Msikilizaji wa Kiajemi huusikia upweke wa shairi akiwa amebanana na jamaa zake chini ya mfarishi mmoja, na hilo sijui kamusi gani italitia.

Ila tusiipambe korsi kuliko ilivyostahiki. Makaa yasiyoiva vizuri hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, kaboni monoksidi, na Waajemi walikuwa na jina la mtu aliyepatwa nayo: ameshikwa na makaa. Wako waliolala na wasiamke, na watoto walioungua miguu usingizini. Wako pia ambao majira ya joto hayakuwaachia cha kutia ghalani, na usiku wao ulikuwa mrefu bila ya sinia.

Katikati ya karne ya 20 yaliingia majiko ya mafuta ya taa. Bomba kuu la gesi kutoka kusini likakamilika mwaka 1970, na baada ya mapinduzi ya 1979 mtandao ukaenezwa mijini na vijijini. Kila chumba kikawa na joto lake, na kila mtu akawa na chumba chake. Mikono ya wanawake ikapumzika na makaa, jambo ambalo wanaoililia korsi magazetini, wengi wao wanaume, hawalitaji. Mwaka 2022 UNESCO iliuandika usiku wa Yalda katika orodha ya urithi usioshikika, kwa maombi ya Iran na Afghanistan. Desemba 2024 gesi ikapungua, katika nchi ya pili duniani kwa akiba ya gesi. Ofisi na skuli za mikoa mingi zikafungwa, na Rais Masoud Pezeshkian akawaomba raia wapunguze joto majumbani mwao japo kwa nyuzi 2.

Tikitimaji bado liko kwenye sinia, ingawa halilazwi tena katika majani makavu. Siku hizi hulimwa makusudi kwa ajili ya usiku huo katika mikoa ya joto ya kusini, Hormozgan miongoni mwao, na kila mwaka wapo wanaolalamika kwamba nchi yenye ukame inayapeleka maji yake kaskazini ndani ya maganda ya kijani. Pwani ya Hormozgan ni ile ile yaliyotweka tanga majahazi, kaskazi ilipoanza kuvuma, katika arubaini hiyo hiyo ya baridi, yakaja kwetu na tende, mazulia na marashi ya mawaridi, mabaharia wakiwa na haraka ya kufika kwenye joto.