Udongo Wetu na Dawa za Shamba

Leo tutasoma habari za udongo wa Shinyanga na Geita, na sumu zilizoingia ndani yake.

Zamani mkulima wa pamba alipambana na wadudu kwa kung'oa mabua baada ya mavuno na kuyachoma. Katika miaka ya 1960 dawa ya DDT ilienea katika mashamba ya pamba. Iliua funza wa vitumba. Lakini je, dawa ikianguka chini, huenda wapi?

Jibu lilikuwa limekwisha anza kupatikana huko London. Mwaka 1949 mtaalamu L. J. Audus alipitisha katika udongo maji yenye dawa ya magugu, iitwayo 2,4-D. Kwanza dawa ilikaa siku kadhaa. Kisha ikatoweka upesi. Alipotia tena dawa ile ile, ikaanza kutoweka mara moja. Kwa nini? Udongoni mna vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vile viwezavyo kula dawa ile vilikuwa vimezaana, vikawa vingi.

Je, hiyo ni habari njema? Ndiyo, kwa kuwa sumu hupungua. Lakini sikilizeni. Katika miaka ya 1970 na 1980 wakulima wengine wa mahindi huko Marekani walitia dawa ya karbofurani kila mwaka. Vijidudu vikaizoea, vikaimaliza kabla haijalinda mizizi. Fedha ya mkulima ikapotea bure.

Tena, si kila sumu huliwa upesi. DDT huvunjika polepole sana, na mabaki yake hukaa udongoni miaka mingi. Ndiyo sababu mwaka 2001 mataifa yalikubaliana huko Stockholm kwamba DDT isitumike tena mashambani.

Nanyi mnaochenjua dhahabu Geita, jueni kwamba zebaki haivunjiki kabisa, maana ni metali. Vijidudu vya matopeni huigeuza tu iwe sumu kali zaidi, nayo huingia katika samaki, na kutoka kwa samaki huingia kwetu.

Basi, ndugu mkulima, badili mazao, wala usitie dawa ile ile kila mwaka. Nawe mchimbaji, usimwage zebaki mtoni wala shambani.

Maswali:
1. Kwa nini dawa ilitoweka upesi mara ya pili?
2. Wakulima wa Marekani walipata hasara gani?
3. Zebaki ina tofauti gani na dawa ya magugu?