Meno ni Daftari la Wazee Wetu

Kila parokia ina daftari la ubatizo. Mtu akitaka kujua siku aliyozaliwa, paroko hulifungua na kumsomea. Lakini wazee wetu walioishi kando ya Lualaba zamani za kale hawakuacha maandishi. Je, habari za maisha yao zimepotea zote? Sivyo. Nyingine zimehifadhiwa katika meno yao.

Mashariki ya Kamina liko ziwa Kisale. Kando yake, mahali paitwapo Sanga, wataalamu wawili, Jacques Nenquin na Jean Hiernaux, walifukua makaburi ya kale mwaka 1957 na 1958. Mwaka 1974 Pierre de Maret aliendelea na kazi hiyo. Watu walianza kuzikwa huko zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Walizikwa pamoja na vyungu vizuri na vitu vya chuma na shaba. Baadaye wakawekewa pia misalaba midogo ya shaba. Misalaba hiyo haikuwa ya dini. Ilikuwa mali, kama fedha kwetu leo.

Katika makaburi ya namna hiyo mifupa mara nyingi huliwa na udongo, lakini meno hudumu. Kwa sababu gani? Yafaa tujue jinsi jino lilivyoumbwa.

Sehemu inayoonekana juu ya ufizi imefunikwa na ganda jeupe liitwalo enameli. Hakuna kitu kigumu kuliko hicho katika mwili wote, maana karibu sehemu 96 katika 100 za uzito wake ni madini. Chini yake iko dentini, iliyo laini kidogo na yenye vijitundu vyembamba visivyohesabika. Ndani kabisa kiko kiini chenye damu na mishipa ya fahamu: hapo ndipo tusikiapo maumivu. Nao mzizi umevikwa sementi, inayolishikanisha jino na taya kwa nyuzinyuzi.

Elimu hii haikupatikana kwa siku moja. Mwaka 1563 mganga wa Roma, Bartolomeo Eustachi, alitoa kitabu kizima juu ya meno. Alikuwa amechunguza watoto waliokufa kabla ya kuzaliwa, akaona kwamba meno yameanza kufanyika tayari ndani ya taya. Mwaka 1678 Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek alieleza vile vijitundu vya dentini, alivyoviona kwa kioo cha kukuzia.

Basi, daftari tulilolitaja ni ile enameli. Hutengenezwa tabaka juu ya tabaka wakati jino lingali limefichwa chini ya ufizi. Mtoto akipatwa na njaa kali au homa nzito, kazi hiyo hulegea, na mstari au kifereji hubaki katika jino. Hata siku ya kuzaliwa huacha mstari wake katika meno ya utoto na katika gego la kwanza la ukubwani, nao huonekana kwa darubini. Jino likisha kutokeza, chembe zilizojenga enameli hazipo tena. Mfupa uliovunjika huunga. Enameli iliyovunjika haioti tena.

Wazee walijua jambo hili kwa njia yao. Katika simulizi mojawapo la Waluba, mwindaji Mbidi Kiluwe, babaye Kalala Ilunga, alikuwa na meno ya mbele yaliyochongwa. Alama ya namna hiyo mtu huichukua mpaka kaburini.

Twasikia mara nyingi watu wakisema kwamba wazee hawakuugua meno kwa kuwa hawakujua sukari ya dukani. Tuwatazame jirani zetu wa Zambia. Tarehe 17 Juni 1921, katika mgodi wa Kabwe, ambao zamani uliitwa Broken Hill, lilipatikana fuvu la mtu wa kale sana. Mwaka 2020 wataalamu walikadiria umri wake kuwa karibu miaka 300,000. Katika taya lake la juu, meno 10 yameoza! Huenda hata kifo chake kilitokana na ugonjwa wa meno au wa sikio. Basi sukari haikuuanzisha ugonjwa huu, ingawa inauzidisha sana: vijidudu vya kinywani huila na kutoa asidi, nayo asidi huyeyusha enameli kidogo kidogo mpaka dentini, kisha kiini.

Enyi wazazi, liangalieni hasa gego la kwanza la ukubwani. Mtoto afikapo miaka 6 hivi, huota nyuma ya meno ya utoto bila kung'oa hata moja. Kwa hiyo wengi hudhani ni jino la utoto, na likioza husema, “Litaota jingine.” Halioti jingine. Wafundisheni watoto kupiga mswaki asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa yenye floridi ikipatikana, na peremende zisiwe chakula cha kila saa. Jino likianza kuuma, mpelekeni mtoto kwa mganga mapema, msingoje shavu livimbe.

Daftari la parokia likiungua, twaweza kutafuta nakala jimboni. Daftari la kinywani halina nakala. Tulitunze.