Tundu la Sita
Simulizi ya kweli ya wikiendi

SEHEMU YA KWANZA

Jumapili usiku, Januari 9, 1876, mjini Wichita, jimbo la Kansas. Katika chumba cha nyuma cha baa ya Custom House wamekaa wanaume wachache wakipiga soga. Mmoja wao ni polisi wa mji, ana miaka 27, na bastola yake iko kiunoni ndani ya ala. Hakuna ugomvi. Hakuna aliyemtukana mwenzake.

Bastola ikachomoka kwenye ala.

Ilipokuwa ikishuka, nyundo yake ikagonga kiti. Paa! Risasi ikatoboa koti la polisi mwenyewe, ikagonga ukuta wa kaskazini, ikadunda na kutokea darini. Waliokuwemo wakatimka wakikanyagana mlangoni. Siku tatu baadaye gazeti la Wichita Beacon likaandika kisa hicho, na jina la polisi likalikosea: Erp. Alikuwa Wyatt Earp, yule ambaye sinema za Marekani zilikuja kumgeuza bingwa asiyetetereka.

Nani alivuta kifyatulio? Hakuna. Hapo ndipo simulizi yetu inapoanzia.

Chukua bastola iliyotawala zama zile, Colt Single Action Army, iliyotoka kiwandani Hartford, Connecticut, na kuingizwa jeshini mwaka 1873. Silinda ina matundu sita. Kifyatulio chake kina kazi moja tu, kuiachia nyundo. Kuikoki ni kazi ya kidole gumba, kila risasi na mvuto wake. Ivute nyundo polepole na utasikia mibofyo minne. Wa kwanza ni mkato wa usalama, unaoishikilia nyundo isiguse risasi. Wa pili ni nusu koki, silinda inazunguka huru ili upakie au utoe risasi mojamoja kupitia kilango cha pembeni. Wa tatu silinda inajifunga. Wa nne, bastola iko tayari kuua.

Sasa irudishe nyundo chini kabisa. Pini yake inalala juu ya fataki ya risasi, chuma kwa chuma, hakuna kilichokaa kati. Ukiidondosha sakafuni ikatua kwa nyundo, imelia. Kikuku cha tandiko la farasi kikiiangukia wakati unakaza mkanda wa tandiko, imelia. Na ule mkato wa usalama? Ni kijino chembamba, pigo moja la maana linaweza kukivunja.

Watu wa farasi walijitafutia dawa yao. Pakia risasi moja, ruka tundu moja, pakia nne, koki, kisha shusha nyundo taratibu. Ukihesabu sawasawa, nyundo inalala juu ya tundu tupu. Wanaopenda kunogesha hadithi husema wengine walikunja noti na kuisokomeza katika tundu hilo, iwe pesa ya mazishi. Katika kitabu cha Stuart Lake cha mwaka 1931 Earp anaelezwa akisema kwamba mtu anayejua kazi yake hubeba risasi tano tu. Mwalimu mzuri, maana somo lilipita kwenye koti lake mwenyewe.

Hivyo kwa miaka karibu sabini bastola ya risasi sita ikawa ya risasi tano, na hakuna aliyemwuliza mtengenezaji kwa nini. Colt ilitoa zaidi ya 350,000 za aina hiyo, kisha vita vya pili vya dunia vilipokaribia ikasimamisha mitambo. Vita vikaisha. Colt ikasema bastola hiyo haitarudi.

Wengi waliamini yamekwisha. Hawakujua kwamba katika jimbo hilohilo la Connecticut, ndani ya banda jekundu la mbao, kuna mtu anaitamani bastola hiyo kuliko Colt wenyewe.

ITAENDELEA WIKI IJAYO

SEHEMU YA PILI

ILIPOISHIA: Colt imeizika bastola yake ya kale. Katika mji mdogo wa Southport kuna mtu mwenye mawazo tofauti. SASA ENDELEA...

William Ruger, Bill kwa waliomzoea, alizaliwa Brooklyn mwaka 1916 na tangu ujana alikuwa mgonjwa wa bunduki. Mwaka 1949 aliungana na Alexander Sturm, kijana wa familia yenye uwezo, aliyetoa mtaji wa dola 50,000. Wakaandika majina yao mawili mlangoni: Sturm, Ruger & Co. Bastola yao ya kwanza, ya risasi ndogo za .22, waliiuza dola 37.50, na ikashika soko. Mwaka 1951 Sturm akafariki. Tai aliyekuwa mwekundu kwenye nembo ya bastola akageuzwa mweusi, kwa msiba.

Ruger akabaki peke yake, na macho yake yakiwa kwenye televisheni. Kila sebule ya Marekani ilikuwa na ng'ombe, farasi na wanaume wenye kofia pana, na dukani bastola ya cowboy mpya hakuna. Mwaka 1953 akatoa Single-Six, ya .22. Mwaka 1955 ikafuata Blackhawk, ya .357 Magnum. Ilivuma kiasi kwamba mwaka 1956 Colt wakameza maneno yao na kuirudisha ya kwao.

Lakini tuifungue ya Ruger tuone tumbo lake. Springi bapa za Colt, zilizokuwa zikikatika bila taarifa, alizitupa akaweka za kujizungusha, zinazodumu. Pini ya kugonga fataki aliitoa kwenye nyundo akaipandika kwenye fremu. Kila palipokuwa na kasoro alipabadilisha, isipokuwa mahali pamoja. Mikato ya nyundo aliiacha. Mibofyo minne aliiacha. Nyundo ikilala chini, bado ilisukuma pini juu ya fataki, kama siku ile Wichita.

Kwa nini fundi wa kiwango chake akaacha hilo? Mteja alitaka bastola ya babu, na bastola ya babu ilibofya mara nne. Halafu kulikuwa na ile desturi ya risasi tano. Mtu akijipiga mguu, jibu lilikuwa tayari: nani alikutuma upakie sita?

Wala dawa haikuwa siri. Kampuni ya Iver Johnson ya Massachusetts ilikuwa nayo tangu miaka ya 1890. Kati ya nyundo na pini waliweka kijichuma bapa, kinachopanda tu mtu anapovuta kifyatulio. Asipovuta, nyundo inapiga fremu, pini haiguswi. Katika matangazo yao waliwaambia watu waipige nyundo ya bastola kwa nyundo ya seremala, waone kama italia. (Bastola ya kampuni hiyohiyo ndiyo iliyomuua Rais McKinley mwaka 1901. Usalama wa nyundo hausemi lolote kuhusu mkono ulioishika.)

Basi dawa ilikuwepo zaidi ya nusu karne, na mauzo yalikuwa yakipanda. Ruger akatoa .44 Magnum mwaka 1956, Super Blackhawk mwaka 1959, kisha Blackhawk ya .41 Magnum. Cowboy wa zamani alifundishwa desturi na baba yake au na makovu yake. Mnunuzi wa sasa alikuwa karani, dereva, mvuvi wa wikiendi; cowboy alimwona kwenye skrini, na kwenye skrini hakuna anayepakia tano.

Halafu kuna jambo ambalo desturi yenyewe haikulifikiria. Tundu tupu linakulinda nyundo ikiwa imelala. Je, unapotoa risasi? Hapo lazima nyundo iwe kwenye nusu koki, silinda inazunguka, na mbele ya pini linaweza kuwa limekaa tundu lolote.

Mwaka 1972, Alaska. Kijana mmoja yumo ndani ya gari aina ya pikapu, ameshika Ruger ya .41 Magnum. Anatoa risasi.

Bastola ikamponyoka. Akanyoosha mkono kuidaka...

ITAENDELEA WIKI IJAYO

SEHEMU YA TATU

ILIPOISHIA: Bastola imeponyoka mkononi, ndani ya pikapu, Alaska. SASA ENDELEA...

Ililia. Risasi ikamwingia pajani.

Alipona, ila hakukubali lile jibu la siku zote. Alitafuta wakili, akaishtaki kampuni.

Mwaka uliofuata ajali ile, 1973, Southport ikafanya lililowaduwaza wapenzi wake. Bastola za mtindo wa zamani zikaondolewa sokoni. Zikaletwa zinazoitwa New Model, na ndani yake kikakaa kijichuma bapa, ndugu wa kile cha Massachusetts. Sasa nyundo ilikuwa na mahali pawili tu, chini na juu. Nusu koki hakuna. Ukifungua kilango cha pembeni, silinda inaachiwa izunguke na nyundo haisogei hata kidogo. Pakia sita, idondoshe ukitaka.

Ungetegemea watu washangilie. Wapi! Waliokulia kwenye mibofyo minne walinuna. Walisema silinda haisimami pale kidole kinapoitarajia, kila tundu linapita kilango kidogo kabla ya mbofyo. Walisema kifyatulio kimekuwa kizito. Walisema bastola imekuwa bubu. Skrubu tatu za ubavuni ziligeuka pini mbili, na tangu hapo wauzaji wa mitumba wakawa wanahesabu skrubu kwanza ndipo wataje bei. Za skrubu tatu zikapanda thamani. Binadamu ana mambo: ile yenye hatari ndiyo ikawa lulu.

Mimi nawaelewa wanaolilia sauti, na bado naona walikosea. Mbofyo uliokuwa ukiwapendeza ndio uliokuwa ukitangaza kijino kile chembamba.

Hata hivyo kulikuwa na swali ambalo New Model haikulijibu. Zile za zamani, mamia kwa mamia ya maelfu, ziko wapi? Ziko kwenye droo za vitanda, chini ya viti vya magari, juu ya makabati, kila moja na nyundo yake. Bastola haiozi. Baba anamwachia mwana, mwana anamuuzia jirani, na jirani hajawahi kusikia habari ya tundu tupu.

Huko Alaska, juri ikasikiliza ikamaliza, ikaingia chumbani kujadiliana. Ilipotoka, karatasi ilikuwa na kiasi cha aina mbili. Kwa jeraha la kijana, dola 137,750. Kisha, juu ya hizo, kama adhabu kwa kampuni: dola 2,895,000.

Karibu milioni tatu, kwa paja moja. Kampuni haikukubali, ikakata rufaa hadi Mahakama ya Juu ya Alaska. Hoja zake hazikuwa za kitoto. Muundo huu una miaka mia. Jeshi liliutumia. Kila mtu anayejua bastola anajua hatari yake. Inawezekanaje mtu aadhibiwe kwa kutengeneza kitu ambacho babu wa kila Mmarekani alikishika?

Mwaka 1979 majaji wakakaa na jalada. Walitaka kujua jambo moja kuliko yote: wakubwa wa kampuni walijua nini, na kama walijua, ni kipi kilichowachelewesha miaka yote hiyo?

Jibu lilikuwemo ndani ya ushahidi, nalo halikuwa maelezo ya kiufundi wala sifa za bastola ya babu. Ilikuwa ni bei, kwa kila bastola moja.

Dola 1.93.

ITAENDELEA WIKI IJAYO